Dar es Salaam: ni mji wa kuchuma na kuondoka, au mpangaji anaweza kuota mizizi?

Mgeni wa Goba ameuliza:

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari zenu.

Kuna mabishano hayaishi kuhusu Dar. Kuna wanaosema huu ni mji wa kuchuma tu: unakuja kutafuta, ukipata unajenga kwenu, Desemba unapanda basi pale Mbezi, na siku ukifa unasafirishwa. Jirani humjui kwa jina, unaijua gari yake. Wengine wanasema anayelalamika hivyo ni asiyetoka chumbani kwake, maana watu wanazaliwa, wanaozwa na kuzikwa hapa hapa na mtaa mzima unasimama nao.

Naomba majibu yanayoshikika. Chukueni mpangaji, si mwenye nyumba, ambaye leo yuko Kimara, mwakani Tabata, mwaka unaofuata Goba. Jamii ya kudumu anaipata wapi hasa? Anaanzia mlango upi, inamgharimu nini, na ni mambo gani huvunja hivi vikundi tunavyosikia? Wanaojua uendeshaji wa mitaa, nyumba za kupanga na misiba, tusaidieni.

---

Kauntabuku amejibu:

Mgeni, ukitaka kujua kama watu wana jamii, nenda kaitazame meza ya msibani. Turubai likishafungwa na viti kupangwa, pale mezani anakaa mtu na kauntabuku. Ukurasa umepigiwa mistari, safu tatu: jina, anakotoka, kiasi. Majibu yako yamo kwenye safu ya katikati. Humo utasoma "kazini", "jumuiya", "msikitini", "kikoba", "kijiwe cha bodaboda", "nyumba ya tatu", "tawi la Yanga". Msiba ukiisha, wafiwa wanabaki na lile daftari. Mwenzao akifiwa miaka miwili baadaye wanalifungua, wanaangalia alikuja au hakuja, na alishika mkono kwa shilingi ngapi. Wapo wanaolihifadhi miaka kumi kwenye sanduku moja na hati ya kiwanja.

Jamii ya Dar inatunzwa kwenye madaftari ya namna hiyo. Mpangaji anapotea kwa sababu kila anapohama jina lake linabaki kwenye daftari la mtaa wa zamani, na mtaa mpya hajaandikwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kabla ya kujiunga na kikundi chochote ni hili: nikihama, nabaki au natoka? Vikundi vya kufa na kuzikana vya mtaa mara nyingi vinadai uwe mkazi. Vya kazini, vya waliosoma pamoja, vya wilaya ulikotoka na vya dini vinakufuata. Mpangaji anayehama-hama aweke nguvu kwenye vinavyomfuata, na mtaani ashiriki kwa mchango wa papo hapo mpaka atulie.

Sasa kwa nini vikundi vinakufa. Watu husema "wizi", lakini mara nyingi ni hesabu iliyokosewa siku ya kuandika katiba. Tuchukue watu 30, ada 5,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,800,000. Katiba inamtambua mwanachama, mwenzi wake, watoto, na wazazi wanne, yaani wazazi wake wawili na wakwe wawili. Wote wakiwa wameoa na wazazi wako hai, umebeba wazee 120 kwa mfuko wa 1,800,000. Ukiahidi 500,000 kwa msiba wa mzazi, misiba mitatu imekula 1,500,000. Wa nne mnamwangalia mwenzenu usoni na mfukoni mna 300,000. Huyo akikosa haki yake mwezi huo, mwezi unaofuata nusu ya kikundi hawalipi ada, na kikundi kimekwisha.

Dawa yake ni kugawa mafao sehemu mbili. Mfuko utoe kidogo, tuseme 200,000, zinazopatikana siku ile ile kwa turubai, viti, chakula cha kwanza na usafiri wa kufuata kibali cha mazishi. Zilizobaki zitoke kwa mchango wa papo hapo: watu 29 kwa 10,000 ni 290,000. Mfiwa anapata 490,000 na mfuko umeguswa 200,000 tu. Kwa mpango huo mfuko wenu unahimili misiba tisa kwa mwaka.

Na haya mengine yaandikwe, yasibaki mdomoni:

Anayejiunga anasubiri miezi mitatu kabla ya kupata mafao, la sivyo watu wanajiunga mgonjwa akiwa ameshalazwa. Wategemezi waandikwe kwa majina siku ya kujiunga, maana "baba mdogo aliyenilea" huzaliwa siku ya msiba. Malimbikizo ya miezi mitatu yanasimamisha haki. Fedha zikae kwenye akaunti ya kikundi, benki au kwenye simu, ambayo haitoi bila idhini ya zaidi ya mtu mmoja; mweka hazina kukaa nazo kwenye laini yake binafsi ni kumtafutia majaribu. Mwisho kabisa, mahudhurio yawe wajibu sawa na ada. Mtu anayetuma 10,000 kwa simu na haonekani msibani mara tano mfululizo amelipa, lakini siku yake turubai litakuwa na viti vitupu. Vikundi vizuri vinatoza faini kwa asiyefika bila udhuru, na vinapanga nani analala msibani, nani yuko jikoni, nani anafuata vibali.

---

Mama Uani amejibu:

Kauntabuku kamaliza ya msiba. Mimi naongezea kwamba mahusiano yanajengwa au kuvunjwa ndani ya geti, kabla hata hujafika mtaani, na watu wengi hawahami kwa sababu ya kazi. Wanahamishwa na LUKU (umeme wa kulipia kabla), maji, choo na taka.

Kwanza uone gharama ya kuhama. Chumba cha 80,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi 6, hiyo ni 480,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 80,000. Jumla 560,000 kabla ya kirikuu cha kubeba vitu. Mtu aliyepanga nyumba tatu kwa miaka mitatu amewapa madalali 240,000. Aliyetulia nyumba moja ametoa 80,000. Tofauti hiyo ya 160,000 ingetosha ada ya kikundi cha 5,000 kwa mwezi kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Kwa hiyo kutulia ni fedha pia.

Sasa LUKU. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, korido katikati, uani nyuma, na mita moja. Mita moja yenye watu wote hao haibaki kwenye daraja la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo kila uniti mnanunua kwa bei ya juu. Juu yake kuna kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikaja kuwa 1,500. Makato hayo humwangukia yule aliyenunua umeme wa kwanza mwezi ule, naye anadhani wenzake wamemchezea. Ongeeni na mwenye nyumba mapema, hiyo ni kodi ya jengo lake, mkubaliane inarudishwaje.

Utaratibu wa "wiki hii zamu yako" haudumu. Wiki ya mmoja ina wageni na pasi za shule, ya mwingine wamesafiri. Gawaneni kwa vifaa: taa, chaja na televisheni pointi moja, friji pointi mbili, anayepikia umeme pointi nne au afunge mita ndogo ya chumbani kwake. Jumlisheni pointi, gawanyeni bili, bandikeni karatasi ukutani koridoni. Karatasi ile ikiwa ukutani, hakuna anayenong'ona. Gari la maji taka likija kunyonya choo, gawaneni kwa vichwa, si kwa vyumba. Mwenye watoto wanne na anayekaa peke yake wakilipa sawa, ugomvi huo hauishi.

Zile nyumba mpya za "self", kila mtu na choo chake, jiko lake na mlango wake, zimeondoa haya yote, lakini zimeondoa uani pia. Uani ndipo watu walipofahamiana, kwa kupika, kufua na kuanika. Usingoje kukutana, maana hakuna mahali pa kukutania. Wiki ya kwanza piga hodi kwa jirani wa kulia, wa kushoto na wa mbele. Sema jina lako na unakotoka, acha namba yako na namba ya ndugu mmoja. Sababu yake ni ya wazi: ukizidiwa usiku ukiwa peke yako, jirani atakayegonga mlango bila kujibiwa ajue ampigie nani. Ukipika pilau la sikukuu peleka sahani, iwe Idi au Krismasi. Sahani kwetu hairudi tupu, kwa hiyo ndani ya wiki mbili utakuwa umeshaingia mlango ule mara mbili.

---

Shina Namba Saba amejibu:

Niongelee ofisi ya serikali ya mtaa, kwa sababu wapangaji wengi huifikia wakiwa wameshachelewa.

Mwezi wa kwanza baada ya kuhamia, nenda kwa mjumbe wa eneo lako, kisha ofisini. Chukua kitambulisho cha NIDA au namba yake, nakala ya mkataba wa kupanga, na picha mbili za pasipoti saizi. Omba jina lako liingie kwenye daftari la wakazi. Faida yake utaiona siku utakapohitaji barua ya utambulisho: pasipoti, akaunti benki, mkopo, na kubwa zaidi, kumdhamini mtu au kudhaminiwa. Anayekuja siku hiyo hiyo ya shida, hajulikani, anaambiwa arudi mtaa aliotoka. Anakwenda kule, anaambiwa ulishahama. Huyo amekwama katikati, na ndugu yake yuko mahabusu.

Watu huchanganya vyeo, wakapeleka shida kwa asiyehusika. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na wakazi. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Balozi wa nyumba kumi ni mfumo ulioanza miaka ya 1960 chini ya TANU, na tangu vyama vingi mwaka 1992 ni kiongozi wa chama. Hata hivyo kwenye mitaa mingi bado yeye ndiye anayejua nani amehamia nyumba ipi, kwa hiyo kumsalimia hakukupunguzii kitu hata kama chama chako ni kingine.

Na jambo ambalo wapangaji hawalijui: mtaa ni wao pia. Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila miaka 5, wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Kadi ya mpiga kura ya uchaguzi mkuu haikuingizi. Kuna orodha yake ya wakazi, na mwaka 2024 iliandikwa kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba, siku kumi tu. Ukiwa na miaka 18 na unaishi pale, unaandikwa, uwe umepanga au umejenga. Mikutano ya mtaa inapojaa wenye nyumba peke yao, maamuzi ya ulinzi shirikishi, taka na barabara yanafuata wenye nyumba. Mpangaji analipia ulinzi kila mwezi bila kujua walinzi ni wangapi wala daftari la mapato liko kwa nani. Aende, aulize.

Kama mna kikundi cha uzalishaji, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Nayo inaanza na kujulikana mtaani.

---

Pwani Hadi Bara amejibu:

Wenzangu wamesema vizuri, lakini naomba tusilifunike swali. Mgeni ameuliza kama jamii hii inadumu.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Ni watu milioni moja na zaidi kidogo kwa miaka kumi, waliozaliwa na waliohamia. Mji wenyewe ulianza na wageni: Mzizima kilikuwa kijiji, Sultani Majid akaja kujenga miaka ya 1860. Pamoja na hayo, muulize mtu aliyezaliwa Sinza, aliyesoma Sinza na kuoa Sinza, "kwenu wapi?" Atakutajia Rombo, Muleba au Kyela. Hilo ndilo swali linalopima, na jibu lake linaonekana kwenye mazishi.

Familia ya pwani, hasa ya Kiislamu, inazika hapa, na inazika haraka. Mtu akifa alfajiri, tangazo linatoka msikitini, jeneza la msikiti linafuatwa, vijana wanakwenda kuchimba, na ikiwezekana baada ya adhuhuri au alasiri ameshazikwa. Hakuna muda wa kusubiri ndugu wa mbali. Wa karibu ndio wanaobeba, na wa karibu ni jirani. Siku ya tatu matanga yanaanuliwa, arobaini inafuata, na kaburi liko umbali wa daladala moja. Mtaa wa namna hii umefungwa na ardhi yake.

Familia inayosafirisha ina mpangilio mwingine. Mtaani wanakesha usiku mmoja au miwili, michango inakwenda kwenye jeneza na gari, watu wanaaga, msafara unaondoka. Wanaorudi wanakuta turubai limeshashushwa. Majirani walikuwa wasindikizaji wazuri sana, na siwabezi, lakini kaburi, mti uliopandwa na wazee wanaosimulia viko kilomita 500 au 1,000 kutoka hapa. Watoto waliobaki Dar hawana mahali pa kwenda kuzuru.

Kwa hiyo kwa maoni yangu: madaftari ya Kauntabuku ni ya kweli na yanafanya kazi, lakini yanadumu umri wa kizazi kimoja. Kinachoyavusha ni watoto wenye kaburi la kuzuru hapa. Angalia familia iliyoamua wazi wazi kwamba itazika hapa, ikazungumza na ndugu wa nyumbani wakati wote wako hai na wazima. Familia zisizozungumza hugombana mochwari, wajomba wakitaka mwili na mjane akiukataa, na ugomvi huo huharibu jamii za pande zote mbili. Mgeni, hata kama umepanga chumba kimoja, jambo hilo lisemwe mapema kwenye kikao cha ukoo. Na kikundi chako kiulizwe kama mafao yanatoka sawa kwa anayezikwa hapa na anayesafirishwa. Katiba nyingi zimenyamaza hapo, na ukimya huo huja kuleta maneno.

---

Mgeni wa Goba:

Nimejifunza mengi, asanteni. Mniruhusu niwabane kidogo. Mpangaji mwenye 30,000 tu kwa mwezi ya mambo haya, na nafasi yake ni Jumapili pekee, aanze na kipi na aache kipi? Na michezo ya kupeana, aingie?

---

Mama Uani amejibu:

Aanze na ibada, kama anayo, kwa sababu ndiyo iliyojengwa kwa watu wanaohama. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970. Wanakutana kila wiki kwenye nyumba za wanajumuiya kwa zamu, kwa hiyo zamu yako ikifika watu wameingia kwako, wameketi, wamekuona unavyoishi. Ukihama omba barua ya utambulisho ya kwenda jumuiya mpya. Wengi wanaondoka kimya kimya, halafu wanakwama siku ya kubatiza mtoto, kwa kuwa hakuna jumuiya inayowatambua. Kwa Mwislamu, mlango mwepesi ni madrasa ya watoto: unamjua mwalimu, unawajua wazazi wenzako, na wewe ukiwa na jambo wanajulishana msikitini.

Kwenye 30,000 hiyo, atenge 5,000 ya kikundi cha kufa na kuzikana kinachomfuata, cha kazini au cha nyumbani. Atenge 10,000 ya michango ya papo hapo mtaani. Mwezi usio na msiba wala shughuli aiweke, maana mwingine utakuwa na misiba mitatu. Ibada na jumuiya 5,000. Inayobaki 10,000 aiache kama akiba kwa mwaka wa kwanza. Kamati za harusi zenye kadi za ahadi kubwa aziache kabisa mpaka ajue mapato yake yanakaaje. Ahadi isiyolipwa inamuumiza kuliko kutoahidi.

Mchezo aungoje mwaka wa pili. Watu 12 wakitoa 50,000, kila mwezi mmoja anapokea 600,000. Unavunjika pale aliyepokea mwezi wa kwanza au wa pili anapohama nyumba. Kijumbe makini, yaani msimamizi wa mchezo, huwapanga wageni namba za mwisho na hapokei mtu asiye na mdhamini ndani ya mchezo. Ukiona mgeni anapewa namba moja bila maswali, kaa mbali na mchezo huo.

---

Kauntabuku amejibu:

Naunga mkono mgawanyo wa Mama Uani, isipokuwa kama nyumba ina watoto wadogo, hapo ya mtaani iwe kubwa kuliko ya kazini, kwa sababu mtoto akiungua au akianguka saa nane mchana ni jirani atakayemkimbiza hospitali.

Jambo dogo la mwisho, Mgeni. Msiba wa kwanza mtaani kwako nenda hata kama humjui marehemu. Wanaume wanakaa nje kwenye turubai, wanawake ndani kwenye mikeka. Salimia, keti, usikae dakika tano ukaondoka. Ukifika mezani na 2,000 au 3,000 yako, mwandishi akikuuliza unakotoka, usiseme "rafiki" wala "jirani". Majirani ni wengi. Mwambie aandike nyumba: "mpangaji, geti la bluu, mkabala na kisima." Wafiwa wakilipitia lile daftari wiki ijayo hawatalikumbuka jina lako, lakini geti wanalifahamu.